Kabla Hujampima Ba Sukari: Mwongozo kwa Wauguzi Wenzangu wa Kisumu Kuhusu Wagonjwa wa Asili ya Asia

Anza kwa kuacha kusema "Wahindi wana hospitali zao." Nimelisikia neno hilo zahanatini, kwenye semina, hata kwenye mikutano ya kupanga kambi za afya, na kila linaposemwa kuna mgonjwa anayefutwa orodhani kabla hajafika mlangoni. Mwenye duka kubwa la vipuri atatibiwa atakako, hilo sibishi. Lakini yupo mama mjane anayeishi ghorofani juu ya duka lililofungwa, watoto wake wote wako Leicester na Toronto. Yupo kijana aliyeletwa kutoka Gujarat kusimamia stoo, na usiku analala humo humo stoo. Yupo mpishi kutoka Nepal, yupo pujari, yaani kuhani wa Kihindu, anayelipwa na kamati ya hekalu, yupo fundi wa Kichina kwenye kambi ya barabara. Hawa hawana daktari wa familia. Wana Panadol, wana dawa walizotumiwa na jamaa kutoka kwao, na wana sisi, iwapo tutawapokea.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya sukari na presha, Mjaluo wa hapa hapa Kisumu, na haya ndiyo ninayowaeleza wauguzi wapya na wahudumu wa afya ya jamii wanapoletwa kwetu kujifunza. Mengi hayahitaji fedha. Yanahitaji kuuliza vizuri na kukubali kwamba ratiba zetu, chati zetu za lishe na hata madawati yetu yalipangwa bila kumfikiria mtu huyu.

Jua uliye naye

Kwenye kadi usiandike "Mhindi" ukadhani umeandika jambo. Reli ilifika hapa ziwani Desemba 1901, na miongoni mwa waliokuja nayo na waliofuata, wengi walibaki: wenye maduka, mafundi, wakulima wa miwa upande wa Kibos na Miwani, ambako kiwanda cha sukari kilianza 1922. Kitukuu wa watu hao anaweza kukusalimia kwa Dholuo safi, na tangu Julai 2017 serikali inaitambua jamii yake kuwa kabila la 44 la Kenya. Ukimwambia "nyinyi wageni" umemvunjia heshima na hatarudi. Kijana wa stoo, kwa upande wake, amekuja juzi, hajui matatu ya kwenda Kondele inapandiwa wapi, na pengine wenye asili moja naye waliozaliwa hapa wanamdharau kuliko unavyomdharau wewe. Majina yao yanafanana, shida zao hazifanani.

Kwa hiyo andika lugha ya nyumbani kwake (Kigujarati, Kikachchi, Kipunjabi, Kiurdu, Kichina), anachokula na asichokula, siku anazofunga, na anaishi na nani. Hilo la mwisho usiliruke. Mtu anayeishi na wana wawili, wakwe na wajukuu anahitaji mazungumzo tofauti kabisa na mtu anayekula peke yake mbele ya televisheni.

Kuhusu kuita: mwanamke Mgujarati jina lake hufuatwa na -ben, mwanamume -bhai, na bibi mzee wajukuu humwita Ba. Muulize tu, "Nikuite nani?" Wazee wengi watafurahi ukiwaita Ba, na kuna wengine watapendelea Mama kama tulivyozoea. Sikh, ambaye mtaani tunamwita Kalasinga, mwite Sardarji au kwa jina lake. Bangili ya chuma mkononi mwake na nywele zake ni sehemu ya imani. Ikibidi bangili ivuliwe au nywele zinyolewe kwa ajili ya upasuaji, eleza sababu, omba ruhusa, na kama bangili inaweza kufunikwa kwa plasta badala ya kuvuliwa, ifunike.

Mizani haitoshi

Wagonjwa wengi wa asili ya Asia Kusini hupata kisukari wakiwa na uzito ambao kwenye chati yetu unaonekana wa kawaida, na huwapata mapema zaidi kwa umri. Mafuta yao hujikusanya tumboni, kuzunguka ini, huku mikono na miguu ikibaki myembamba. Ndiyo maana mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza kwamba kwa watu wa Asia tuanze kuchukua hatua BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ikifika 23, tusingoje 25.

Chukua futi ya fundi cherehani. Pima kiuno: sentimita 90 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke ndiyo mipaka inayotumika kwa watu wa Asia Kusini na Wachina. Akiipita, mpime sukari hata kama hana dalili. Asubuhi kabla ya kula, 7.0 (milimoli kwa lita) kwenda juu ni kisukari, ila rudia kipimo siku nyingine kabla ya kumwambia hivyo mtu asiye na dalili. Kijana wa miaka thelathini, shati limemlegea mabegani na limebana tumboni, huyo usimwache aende zake kwa sababu tu hafanani na wagonjwa wako wa kila siku.

Ingia jikoni

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo kliniki nyingi zinapompoteza mgonjwa. Ile chati yetu ukutani ina ugali, sukuma wiki, omena na kipande cha nyama. Ba anaitazama kwa adabu, anachukua dawa, anaondoka. Hakuna hata kitu kimoja pale kinachoingia mdomoni mwake.

Nilimtembelea Ba mmoja nyumbani kwake, karibu na mjini. Sukari yake ilikuwa haishuki, na kila akija kliniki anasema, "Sista, sukari situmii." Alikuwa anasema kweli kama anavyoielewa yeye: mezani kwake hakuna bakuli la sukari. Nikamwomba anipikie chai kama ya kila siku. Akaweka sufuria, maziwa na maji nusu kwa nusu, majani, tangawizi aliyoitwanga palepale, halafu sukari ikaingia kwenye sufuria kabla chai haijachemka, kijiko baada ya kijiko, mkono wake ukienda bila yeye kuangalia. Nikamwomba amimine kiasi hicho hicho kikavu kwenye kikombe tuone. Kikafika karibu nusu. Chai hiyo anakunywa asubuhi, saa nne, alasiri, na mgeni akija.

Kisha dada anayemsaidia kazi, mama wa kutoka Seme aliyekaa naye miaka mingi, akamtazama Ba kama anaomba ruhusa, na Ba akaitikia kwa kichwa. Akafungua kabati akanionyesha donge la sukari nguru. "Hii inaingia kwenye dal." Dal ya Kigujarati, yaani mchuzi wa dengu, hutiwa utamu, na sukari nguru ile ile inayotengenezwa huku kwetu magharibi ndiyo inayotumika. Kando ya televisheni kulikuwa na kopo la ganthia, vitafunio vya unga wa dengu vilivyokaangwa. Juu ya rotli, chapati zao, kila moja nyembamba kama jani, ilipakwa samli.

Mpishi wa nyumba hizi mara nyingi ni dada yetu, Mjaluo au Mluhya. Yeye ndiye anayejua mafuta yanaingia kiasi gani. Ongea naye, lakini kwa ruhusa ya mwenye nyumba na mbele yake, asije akaonekana anatoa siri akafukuzwa kazi. Na ukiwa hapo, mpime naye presha. Ana mwili pia.

Ushauri wenyewe uwe wa jikoni mle mle. Usimwambie aache rotli ale ugali. Mwambie apunguze idadi na ajaribu kuchanganya unga wa mtama au mawele. Rotlo, yaani mkate wa mawele, anaijua tangu utotoni, na unga huo soko la Kibuye haukosekani. Dal iwe nzito zaidi, sukari nguru ipungue. Mboga, yaani shaak, ipikwe kwa nusu ya mafuta. Chai ipunguzwe sukari kwa nusu, akizoea ipunguzwe tena. Ukimwambia aache siku hiyo hiyo hatakufuata. Ganthia ziwe za wageni. Matembezi pia yaendane na maisha yake: wanawake wengi wazee hawatatoka barabarani peke yao, ila watazunguka uwanja wa hekalu jioni wakiwa wawili watatu.

Muulize kuhusu karela (lile tango chungu) na methi (uwatu). Wengi wanakunywa juisi ya karela kila asubuhi, na karela inaweza kushusha sukari. Ikikutana na dawa yako inaweza kuishusha mno. Muulize pia kuhusu poda na vidonge vya asili vilivyotoka India. Baadhi ya dawa hizo zimewahi kukutwa na risasi au zebaki ndani yake. Uliza kwa upole, kama unavyomuuliza bibi yako kuhusu mizizi, na umwombe alete chupa uione.

Asiyekula nyama

Wahindu wengi na Wajaini hawali nyama, samaki wala mayai. Mjaini hali hata vitunguu, viazi na karoti, kwa kuwa vinatoka ardhini. Kuna mambo mawili ambayo wauguzi wengi hawayafikirii. La kwanza ni vitamini B12, ambayo inapatikana kwenye vyakula vya wanyama. Asiyekula nyama huanza na akiba ndogo, na metformin, ile tembe ya sukari, ikitumiwa muda mrefu huipunguza zaidi. Akikwambia miguu inakufa ganzi, usikimbilie kusema ni sukari peke yake; omba kipimo cha B12.

La pili ni ganda la kapsuli. Kwa kawaida hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini inatoka kwa ng'ombe au nguruwe. Kuna mgonjwa ambaye hatakwambia kitu, ataipokea dawa kwa mikono miwili, na nyumbani ataiweka kwenye droo. Mwislamu naye anaweza kufanya hivyo hivyo. Muulize mapema, na kama kuna dawa hiyo hiyo kwa tembe au maji, mpe hiyo.

Siku za kufunga

Usimkataze mtu kufunga kana kwamba ni tabia mbaya. Ukimkataza ataendelea kufunga, tofauti ni kwamba hatakwambia. Muulize anafunga lini na vipi, kwa sababu kufunga kuko kwa namna nyingi. Wahindu wengi hufunga Ekadashi, siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi wa mwandamo, na wengine hufunga siku tisa za Navratri. Lakini funga hiyo mara nyingi ina vyakula vyake: viazi, sabudana ambazo ni chembe za wanga wa muhogo, karanga, matunda, maziwa. Kwa hiyo unayemdhania ana njaa huenda sukari yake imepanda. Wajaini kwenye Paryushan, ambayo huangukia Agosti au Septemba, wengine hukaa na maji yaliyochemshwa peke yake, na hao ndio walio kwenye hatari ya kushuka.

Kwa Ramadhani, mwite mgonjwa wiki sita hadi nane kabla. Glibenclamide, tembe nyingine ya sukari, na insulini ndizo zinazoogopesha zaidi kwa mtu anayekaa mchana kutwa bila kula. Metformin peke yake hatari yake ni ndogo. Usibadilishe dozi mwenyewe, mpeleke kwa daktari au afisa wa kliniki mpange pamoja ya daku na ya futari. Mfundishe kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda juu ya 16.6, anafungua siku hiyo. Wanazuoni wengi wanasema kutoboa kidole kupima hakubatilishi saumu, na neno hilo likitoka kwa imamu linasikika kuliko likitoka kwangu. Mwombe alitangaze Ijumaa.

Nani atafasiri

Mwana akimleta mamake na kusema, "Niulize mimi, yeye haelewi," mshukuru, umpe kiti nje. Ndani unamhitaji mtu mwingine. Mbele ya mwanawe, mama hatasema kwamba anavuja mkojo. Mbele ya mama mkwe, mke hatasema kwamba anapigwa. Na mtoto wa shule asifanywe kamwe kuwa mdomo wa mamake kuhusu kizazi au kifo.

Tatizo ni kwamba Wagujarati wa Kisumu wanajuana. Mkalimani wa hapa anaweza kuwa shemeji wa jirani. Mimi napenda kutumia simu: mwanamke mtu mzima aliye Nakuru au Eldoret, anayezungumza lugha hiyo, ambaye mgonjwa hatakutana naye harusini. Weka simu mezani kwa sauti, usimtaje mgonjwa kwa jina lake la ukoo, mwangalie mgonjwa unapozungumza wala si simu, sema sentensi fupi, na mwishoni mwombe mgonjwa arudie alivyoelewa. Mlipe mkalimani, hata kama ni muda wa maongezi. Mwanamke akitaka kupimwa na mwanamke, mpangie siku ambayo yupo.

Kwa kijana aliyeajiriwa, jambo la siri lina uzito mwingine. Bosi ndiye aliyemleta kwa gari, bosi ndiye analipa, na bosi anataka kujua majibu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Aliyelipa bili hajanunua majibu. Mpe bosi risiti, mpe kijana majibu yake, mkiwa wawili na mlango umefungwa. Muulize hapo hapo kama amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali ambayo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kama anajua ile asilimia 2.75 ya mshahara inafikishwa. Muulize pasipoti yake iko wapi. Akikwambia imefungiwa, hilo nalo ni jambo la afya, kwa sababu mtu huyo halali usingizi. Mweleze kwamba ofisi ya leba na ubalozi wake zipo, ila usipige simu popote bila idhini yake.

Mawazo

Hatakwambia ana huzuni. Atakwambia kichwa, gesi, moto kifuani, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu. Umempima kila kitu na kila kitu ni kizima. Sisi wenyewe huku ziwani tunasema hivyo hivyo, kwa hiyo msikilize kama unavyomsikiliza shangazi yako. Anza na usingizi, halafu chakula, halafu uliza siku yake inapita vipi tangu asubuhi. Kwa wajane, uliza simu ya mwisho kutoka kwa watoto ilikuwa lini. Wengi wataanza kulia hapo, na ni vizuri.

Fomu ya PHQ-9, yenye maswali tisa ya kupima huzuni, ipo kwa Kigujarati, Kihindi, Kipunjabi, Kiurdu na Kichina. Ichapishe uiweke. Swali la tisa, la kutamani kufa, lisiulizwe kamwe kupitia jamaa. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake mpaka daktari amwone, na umfahamishe kwamba namba 1199 ya Msalaba Mwekundu inapigwa bila malipo.

Familia itaficha. Ugonjwa wa akili au kifafa ukijulikana, posa za mabinti zinaharibika, hivyo ndivyo wanavyoogopa. Usibishane na hofu hiyo. Mpe miadi ya "presha", chumba kile kile, foleni ile ile, na mshauri akutane naye humo.

Wachina, kwa ufupi

Wengi wako kambini, wanakuja wawili wawili na simu ya kufasiri. Maneno mafupi ndiyo simu inayafasiri vizuri. Wape maji ya moto, si ya baridi, hasa mgonjwa na mama aliyejifungua; kwao mwezi wa kwanza baada ya kujifungua ni wa joto na kupumzika, jambo ambalo mama wa Kigujarati anayelala siku arobaini akila methi na tangawizi atalielewa haraka. Pima homa ya ini aina B, kwa kuwa imeenea sana Asia Mashariki, na wasio nayo wapewe chanjo. Presha ikiwa juu, uliza kuhusu mchuzi wa soya, una chumvi nyingi sana.

Wafuate waliko

Duka linafunguliwa asubuhi mpaka jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, na kliniki yetu pia. Hapo hakuna atakayefika. Panga Jumapili asubuhi, uwanjani mwa hekalu, gurdwara (nyumba ya ibada ya Masikh) au msikiti. Nenda kwanza kwa kamati, lakini usiishie kwa wanaume wenye funguo. Watafute wanawake wa mahila mandal, kile kikundi chao cha wanawake, wao ndio wanaojua nani hajaonekana wiki tatu. Epuka wiki ya Diwali, sikukuu yao ya taa. Vua viatu, gurdwara ufunike kichwa, usiingie na sigara wala nyama. Ukialikwa langar, mlo wa pamoja wa gurdwara, keti chini ule na watu. Chakula hicho ni cha kila mtu.

Foleni iwe moja. Mlinzi, dereva, dada wa jikoni na mwenye duka wapimwe kwa kufuatana walivyofika. Weka meza ya presha na kiuno mbele, sukari nyuma ya pazia, na kona moja yenye viti viwili na mlango kwa wanaotaka kuzungumza. Anayezidi mpaka aondoke na barua mkononi, yenye jina la mtu atakayempokea, iwe ni kwenye kliniki yenu au hospitali ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia, na mpigie simu wiki hiyo hiyo kujua kama alifika. Kabla hamjafungasha meza, kubalianeni na mahila mandal tarehe ya kambi inayofuata, na uchukue namba ya mama mmoja kati yao atakayewakumbusha wengine, na mmoja atakayepanda ngazi kwenda kuwagongea wale wasioweza kushuka.